Nilivyomfundisha Ndugu Yangu Kupumzika

Mimi shule niliiacha darasa la nne, na sioni haya kusema. Wale niliokaa nao dawati moja waliendelea mpaka wakapata vyeti, na wengine wao wamekuja kwangu na vyeti hivyo kuomba kazi ya kupanga mbao. Nimewapa. Nilianza kwa kubeba magogo begani, nikawa mshika msumeno, nikawa mwenye msumeno, na kufikia katikati ya miaka ya themanini kiwanda changu cha mbao pale Kitale ulikuwa unakisikia kabla hujakiona. Kila ninachokijua nilijifunza kwa kumwangalia mtu akifanya, mara mbili, mara tatu, halafu namwambia sogea. Ndivyo nilivyojua kunoa msumeno na kuendesha trakta. Ndivyo nilivyojua pia kupumzika, na hapo ndipo nilipomuumiza ndugu yangu. Yeye alikuwa na presha. Mimi ndiye niliyemwambia aache dawa. Nayaandika mapema ili usije ukafikiri nakuficha kitu.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja Mhindi mwenye duka la vipuri vya mashine mjini. Siku moja mchana mkanda wa msumeno ulikatika, wafanyakazi wakakaa juu ya magogo, nami nikaenda dukani kwake mbio. Mlango ulikuwa umerudishwa. Nikausukuma. Katikati ya rafu, juu ya mkeka, mzee alikuwa amelala chali, miguu imeachana kidogo, viganja vinatazama juu. Kwetu ni maiti tu anayelazwa hivyo.

"Mzee!" nikapiga kelele. "Mzee, uko salama?"

"Mimi iko," akasema bila kufungua macho. "Ngoja dakika kumi."

"Mashine yangu imesimama, bana!"

"Mashine nasimama. Wewe ndiyo hapana jua kusimama."

Nilikasirika, lakini mkanda wa saizi ile ulikuwa kwake peke yake, nikangoja. Alipoinuka, uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyetoka kuoga mtoni. Nikamwonea wivu, na mimi si mtu wa wivu.

Miaka ile nilikuwa nachoka vibaya. Si kwamba sikuwa nalala. Nililala usingizi wa gogo, lakini naamka kama mtu aliyepigwa. Kichwa kinagonga, moyo unakimbia nikiwa nimekaa kitini. Halafu siku moja, nikiwa nasukuma gogo kwenye msumeno, mikono yangu ikashtuka yenyewe, na mfanyakazi aliyekuwa upande wa pili akapoteza vidole viwili. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, na baadaye nikampa kazi ya kulinda lango, ambayo anayo mpaka leo. Watu walinisifu kwa hilo. Vidole havikurudi.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa mzee Mhindi bila kuwa na kitu cha kununua.

Sasa, lazima ujue jambo moja kuhusu sisi watu wa Bungoma. Kutulia tunakujua kwa njia moja. Mimi na ndugu yangu mkubwa tulitahiriwa asubuhi moja, uwanja mmoja, tumepakwa tope la mtoni mpaka kwenye nyusi. Tangu jana yake mjomba wetu alikuwa anatutukana: "Nyinyi waoga, mtaona kisu mkimbilie nguo ya mama yenu!" Tukasimama. Jicho halikupepesa, kidole hakikucheza. Mtu akitikisika pale, kwetu atasemwa mpaka siku ya mazishi yake. Sisi hatukutikisika, na baba alikunywa pombe ya busaa siku tatu kwa furaha.

Basi mzee aliponiambia lala, tulia, nikalala namna ile ile. Nilikaza kila kitu. Mzee akanizunguka na kandambili zake, akainama, akauinua mkono wangu, akauachia. Mkono ukabaki hewani.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe nafanya nini?"

"Si natulia?"

"Hapana. Wewe napigana na mkeka. Achia."

Kuachia huko kulinichukua miezi. Mzee alikuwa anakaa kwenye stuli na kuita viungo kimoja kimoja, taratibu, kama karani anayeita majina ya vibarua: kidole gumba cha mguu wa kulia, nyayo, kisigino, goti. Kazi yangu ilikuwa kupeleka akili pale alipotaja, nione pakoje, nipaache, niende pengine. Nisilale. Nisifikirie mbao. Akimaliza kulia anakwenda kushoto, halafu mgongo, taya, kope. Siku nyingi nilikoroma. Siku nyingine nililala pale nikiwaza nani ananiibia misumari. Halafu mchana mmoja, mvua ikipiga mabati, nikasikia uzito wangu wote umeshuka sakafuni kama gunia lililotuliwa na mtu aliyelibeba kutoka mbali. Nilisikia mvua, nilisikia baiskeli zikipita nje, nilijua niko wapi. Lakini hapakuwa na mtu aliyekaza kitu chochote. Machozi yalinitoka yakaingia masikioni. Mzee alinipa chai.

Tangu siku ile nimefanya hivyo kila mchana, na nasema bila woga: nusu saa ya namna hiyo imenifaa kuliko kitanda cha usiku mzima. Kichwa kiliacha kugonga, mikono ikatulia. Wafanyakazi walinicheka, ati tajiri analala chini kama mlevi. Nikawaambia cheka, lakini msumeno usizime.

Kosa langu lilianzia hapo. Nilianza kusema nimejiponya presha. Kweli ni kwamba presha yangu haikuwahi kupimwa hata siku moja. Nilisikia watu wakieleza jinsi inavyogonga kichwani, nikajipa mwenyewe, nikajiponya mwenyewe, nikawa natangaza sokoni: "Presha? Mimi niliiua kwa mkeka!"

Ndugu yangu alikuwa analima mlimani Elgon, upande wa Kapsokwony. Viazi, mahindi, ng'ombe wawili wa maziwa. Mwanzoni mwa miaka ya tisini, watu walipochomeana nyumba kule, yake iliungua na vitu vyote, na ng'ombe mmoja akaungulia kwenye kamba. Alishuka na mke wake kwa miguu mpaka Matulo, wakapata kijipande cha shamba. Tangu hapo alilala na viatu. Mke wake alimfua shati, alimpikia, alimsomea Biblia, lakini viatu hakuvua. Hata mchana, akikaa, alikaa kwenye ncha ya kiti akiangalia njia. Kwenye zahanati walimpima, wakamwambia presha imepanda sana, wakampa vidonge vya kumeza kila siku, ati maisha yote.

Nilipokwenda kumwona nilimkuta amekonda shingo.

"Mwana wa mama," akaniambia, "hizi dawa zinanimaliza. Kila saa niko chooni. Jembe nikilishika linanikataa."

"Lala chini," nikasema.

"Nini?"

"Tandika mkeka, lala chini. Leo nitakuonyesha kitu ambacho hata daktari wako hakijui."

Mke wake alitoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa ananiita mulamwa, yaani shemeji. "Mulamwa, hii si ndiyo ile dini ya Wahindi? Mchungaji akipita amkute hapa amenyooshwa kama anangoja sanduku, nitamwambia nini?"

"Mwambie avue viatu, naye alale."

Ndugu yangu akacheka. Mke wake alisema baadaye kwamba hakuwa amemsikia akicheka tangu mlimani.

Namfundisha mtu vizuri mimi, hilo sitaki kukataa. Sikumwacha akaze kama nilivyokaza. Nilimwitia viungo pole pole, na nilipofika kwenye miguu nikaona anahangaika, nikamwambia, "Kama unataka, viatu vivue. Nitaangalia njia mimi." Akaangalia njia mara ya mwisho. Halafu akavivua mwenyewe, akavipanga kando ya mkeka, akalala tena. Nikamwona kifua chake kikishuka. Nilipomaliza alibaki pale akitazama paa.

"Sikujua," akasema, "kwamba nimeshika hivi vyote."

Nilikaa kwake siku nne. Kila mchana tulifanya. Siku ya nne alikwenda shambani bila viatu, akalima mpaka jua la saa tano, akarudi akiimba. Mimi nikajiona mkubwa kuliko mlima Elgon.

"Unaona?" nikamwambia. "Sasa hivyo vidonge ni vya nini?"

"Walisema nisiache."

"Wanasema hivyo wauze. Mimi si niliacha?" Nilikuwa sijawahi kumeza hata kimoja. "Mwili ukipumzika unajitengeneza. Wewe ni mwanamume au ni mgonjwa?"

Aliniangalia jinsi alivyoniangalia siku zote tangu nilipopata kiwanda, yeye mkubwa wangu, kama kwamba mimi ndiye niliyezaliwa kwanza. Akasema sawa. Tukakubaliana asimwambie mke wake, kwa sababu wanawake wana maneno.

Nilirudi Kitale, na siku ile ile nikapita kwa mzee Mhindi kumsimulia. Nilitaka anisifu. Nilimwambia jinsi viatu vilivyovuliwa, akatikisa kichwa, akasema vizuri, vizuri sana. Nikamwambia habari ya vidonge.

Mzee akavuta droo chini ya mashine ya pesa, akatoa kikopo kidogo, akakitikisa mbele ya uso wangu. Kilikuwa na vidonge ndani.

"Mimi nameza kila asubuhi," akasema. "Miaka kumi. Hii mkeka ni ya mkeka, hii dawa ni ya dawa. Nani alisema wewe uchanganye? Rudi. Rudi leo, ambia yeye."

Sikurudi siku ile. Nilikuwa na mzigo wa mbao wa kupeleka, hiyo ni kweli, lakini mzigo huo mtu mwingine angeweza kuupeleka. Nilichoshindwa ni kusimama mbele ya ndugu yangu na kusema nilidanganya. Nilijiambia nitakwenda Jumapili. Jumapili ikaja, nikajiambia mtu aliyeimba shambani hawezi kuwa mgonjwa. Nikalala mchana juu ya mkeka wangu, nikapeleka akili kwenye goti, kwenye nyonga, na kila kiungo nilichokifikia nilikuta jina la ndugu yangu. Nikainuka. Hata hivyo sikwenda. Wiki ya tatu mtu akaja kiwandani kutoka Matulo, akasema ndugu yako ameanguka shambani.

Nilimkuta hospitali Bungoma. Upande wa kushoto wote ulikuwa umekufa, mdomo umevutwa, maneno yamekwisha. Alinitambua. Baada ya siku kadhaa walituambia tumpeleke nyumbani.

Mke wake alikuwa amevikuta vidonge ndani ya kopo la majani ya chai, vimejaa. Basi kila nilipokwenda Matulo nilimkuta akimlisha uji na kumgombeza. "Ulikuwa unanidanganya! Kila asubuhi nakuuliza umemeza, unasema nimemeza. Nilikukosea nini mimi? Ulitaka kuniacha na nani?" Anafuta uji kidevuni, anaanza tena. Na ndugu yangu hana ulimi wa kujibu. Alikuwa ananigeuzia jicho moja, lile zima. Halikuwa jicho la kunishtaki. Lilikuwa linaningoja tu.

Mimi ninayeongea na maofisa, mimi ninayejulikana sokoni kwa mdomo, nilikaa pale Jumapili tatu nikisikiliza mgonjwa akitukanwa kwa kosa langu.

Jumapili ya nne nilimshika mke wake mkono wa kijiko.

"Mulamwa, muache. Mimi ndiye niliyemwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Aache dawa. Na nilimwambia asikuambie. Halafu nikaambiwa nimekosea, na sikuja."

Nilitegemea kelele. Nilitegemea anipige na sufuria ya uji, na ningekubali. Alinitazama mpaka nikatazama chini. Kisha akaweka bakuli la uji mikononi mwangu.

"Mlishe wewe," akasema. Akatoka nje, nikamsikia anapasua kuni, moja baada ya nyingine, kuni nyingi kuliko za kupikia.

Nikamlisha. Nilimwaga zaidi ya nilichomlisha. Nilipomaliza nilimlaza chali, nikakaa chini kando yake, na kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kumpa, nikaanza kuita viungo. Kidole gumba cha mguu wa kulia. Nyayo. Kisigino. Goti. Niliona anafuata, kwa sababu kope zilishuka na pumzi ikawa ndefu. Nikapanda mpaka bega la kulia, mkono, kiganja. Kisha ikafika zamu ya kushoto, nikanyamaza. Sikujua kama mtu huitiwa kiungo ambacho hakimjibu. Akafungua lile jicho, akalielekeza kwenye mguu wake wa kushoto, akalirudisha kwangu.

Nikautaja. Kidole gumba cha mguu wa kushoto. Nyayo. Kisigino. Nilivitaja vyote, pole pole kuliko vya kulia, nikingoja kwenye kila kimoja. Nje kuni zilikuwa zimenyamaza, na mke wake alikuwa amesimama mlangoni, ameshika shoka, anasikiliza.

Tulifanya hivyo kila Jumapili mpaka alipofariki, kabla mahindi hayajavunwa. Kati ya Jumapili na Jumapili, mke wake ndiye aliyekuwa anamwitia. Na mimi hajanisemesha tena.