Pikapu Niliyomchagulia Baba Yako

Nakumbuka asubuhi moja huko Anderlecht, ughaibuni, mwanangu, wewe ukiwa bado tumboni mwa mama yako. Umeniuliza mchukue pikapu gani kwa mashindano ya magari ya kuvuta mzigo, maana wewe ndiye fundi na binamu yako ndiye atakayeendesha. Nitakujibu, ila nivumilie. Shangazi yako hajui kusema kwa kifupi.

Mimi na baba yako tulifanya kazi kwenye gereji ya Tonton Mukendi, mjomba wa kila mtu pale, mzee aliyetumia ujana wake kwenye malori ya migodi ya Kolwezi. Baba yako alijua usukani, mimi nilijua mashine, kwa hiyo uchaguzi wote aliniachia. Nikachagua pikapu fupi, nyepesi, yenye injini kubwa. Kulabu ya kuvutia nikaichomelea juu kabisa, ili matairi ya nyuma yakandamize udongo. Na nisikufiche, nilitaka pua ya gari inyanyuke, watu wapige makofi.

Unalijua lile sanduku la chuma tunalovuta shambani siku ya mashindano. Mwanzoni ni jepesi, kisha mzigo wake unasogea mbele kadiri unavyokwenda, mpaka gari linashindwa. Hapo ndipo pua hupanda, na gari fupi linaweza kumpindukia dereva.

Tonton aliizunguka kazi yangu. Kisha akauliza, "Bon. Ni nani ataikala mu hii kiti?"

Nikamjibu ni kaka.

"Alors, weye ikala kwanza."

Nikaketi kwenye usukani. Akaifunga pikapu kwa mnyororo kwenye trela iliyojaa zege, akaniambia nikanyage mafuta. Gari likainuka mbele. Sikumwona tena Tonton wala ukuta wa gereji, niliona mawingu tu. Liliporudi chini kwa kishindo, nilishuka. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na chakula chetu, mkono mmoja juu ya tumbo. Niliogopa kumtazama usoni.

Tukaibadilisha ile pikapu kwa ndefu, tukafunga vyuma vya uzito mbele, kulabu tukaishusha. Siku ya mashindano baba yako alikuwa karibu ashike mkia, wakamcheka, akarudi nyumbani akilalamikia matope kwenye viatu vyake. Ulipozaliwa, yeye ndiye aliyekupokea mikononi.

Basi chukueni ndefu, inayovuta kwa matairi yote manne, na uzito uwe mbele. Lakini hata hayo ungeambiwa na fundi yeyote. Langu ni hili: ukimchagulia mtu, iwe gari, iwe safari, iwe mchumba, kwanza kaa wewe pale atakapokaa yeye, na ukae mpaka uogope.

Nenda salama, mwanangu. Mungu awatoe nyote shambani kwa miguu yenu, na mama yake binamu yako, atakaposimama mlangoni kumngoja, amwone akiingia.