Gunzi Lenye Uzi Mwekundu

Gari la kunyonya choo likifungua mpira wake hapa uani, wajukuu zangu hukimbilia ndani wameziba pua. Mimi hukaa palepale kwenye kigoda changu. Harufu ile naijua kuliko ninavyojua marashi, na mniwie radhi, inanirudisha utotoni moja kwa moja.

Nilikuwa darasa la tatu. La nne sikulimaliza, lakini jambo moja najitamba nalo mpaka leo: katika Tunduma nzima mimi ndiye niliyejua kinyesi kinakwenda wapi.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa, malori yamepanga foleni mpakani, na kila mwenye kiwanja anajenga vyumba vya kupangisha. Baba alijenga sita. Choo kilikuwa kimoja, kwenye mteremko juu ya korongo, kikajaa upesi. Kuchimba kingine ni kazi, basi watu walikuwa wanatapisha. Wanangoja mvua kubwa, wanatoboa ukuta wa shimo kwa chini, choo kinatapika, korongo linabeba. Mvua ikikatika, kila mtu hajui kitu. Wakati huo tulijifutia magunzi ya mahindi, msicheke, nayo yalitangulia mbele yakielea kama bata.

"Baba, yanakwenda wapi?"

"Mbali."

"Mbali wapi?"

"Mbali kwa wenyewe huko! Mtoto gani wewe, unauliza mpaka mavi?"

Sikuridhika. Mvua iliyofuata nilichukua magunzi kumi masafi, nikayafunga uzi mwekundu ambao mama alikuwa anadarizia vitambaa, kila gunzi mafundo matatu, nikayatupa korongoni wakati baba anatoboa.

Kesho yake mama alinichukua kwenda kwa bibi, mama yake mzazi, kule bondeni njia ya Msangano. Tuliufuata mto uleule ambao korongo letu linaingia. Macho yangu yalikuwa majini njia nzima, mpaka mama akaniuliza nimepoteza nini.

Hapa lazima niwaambie kitu. Kwetu mwanaume hamkaribii mama mkwe wake. Baba akimwona bibi anakuja sokoni, anaruka kwenye mahindi ya watu. Siku moja alitua kwenye miiba, akakaa humo kimya mpaka bibi akapita. Hakuwahi kula mbele yake wala kutamka jina lake. Watu walimsifu kwa adabu hiyo.

Bibi alikuwa ameloweka gunia la ulezi mtoni, amelifunga kamba kwenye mzizi. Ulezi huo ndio angepikia pombe ya watu wa kumlimia shamba. Alikuwa mjane; bila pombe hapati watu, bila watu hapandi. Na kila mvua zikianza tumbo lilikuwa linamkata, mwenyewe akisema ni baridi. Mimi na mama tulishuka naye kulivuta gunia. Pale kwenye kamba, limenasa, gunzi langu. Uzi mwekundu, mafundo matatu.

Nilirukaruka. "Limefika, Bibi! Limefika!"

"Limefika nini?"

Nikamweleza yote, kifua mbele, kama niliyeshinda mtihani.

"Choo cha nani?"

"Chetu. Cha baba."

Mama alishika mdomo. Bibi alilifungua gunia, akalipindua, ulezi wote ukamwagika kwenye majani. Hata kuku hakuwapa. Gunzi akalifunga kwenye jani la mgomba, akamkabidhi mama. "Mpelekee mumeo. Mwambie salamu zake nimezipata."

Baba alilifungua uani, wapangaji wote wanatazama. Mama alipomwambia maneno ya bibi na mahali gunzi liliponasa, alilifunika upesi kwa lile jani. Mpangaji mmoja, dereva wa lori, akacheka mpaka akakohoa: "Mzee, unaruka miibani kumkwepa mkweo, kumbe mavi yako yanaingia mpaka jikoni kwake!"

Nilingoja fimbo. Haikuja.

Alfajiri baba alichukua jembe akaondoka. Siku nne alilima shamba la bibi peke yake, akianzia mwisho wa mbali, mgongo ameuelekeza kwenye nyumba, na bibi naye alijifungia ndani mpaka jioni asimwaibishe. Aliporudi aliziba tundu, akachimba choo kipya, kirefu kwenda chini.

Nikaamini nimeuponya mto. Nilikuwa mtu mzima, bibi tumeshamzika, ndipo nilipoelewa kitu nilichokiona siku ileile nisikitilie maanani: baada ya kumwaga ulezi wake, bibi alichukua ndoo akashuka kuchota maji ya kunisongea ugali. Palepale. Mto ulikuwa huo mmoja, na huku juu vyoo vya watu wengine vilikuwa vinangoja mvua.

Ndiyo maana gari likimaliza kunyonya, namuuliza dereva anakwenda kumwaga wapi.

"Mbali, bibi."

"Mbali wapi?"

Anacheka, anadhani ni uzee. Mimi nauliza kwa sababu ya yale magunzi mengine tisa. Mpaka leo sijui yalinasa kwenye gunia la bibi wa nani.