Waliopita Wangapi?

Dari la ukumbi lilikuwa chini mno kwa mchezo wenyewe, na katikati yake lilipita bomba nene kama paja la mtu mzima. Mpira ukigonga bomba, pointi inarudiwa. Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza ambayo Kocha aliitunga katika nchi ile ya ugenini, na ndiyo pekee ambayo haikupingwa na mtu.

Mengine yote aliyosema yalipingwa. Wachezaji wake walikuwa wanawake saba wa chumba cha kufulia cha hospitali kubwa, hatua chache kutoka ukumbini. Mchana kutwa walitoa mashuka kwenye mashine, wakayakunja wawili wawili, wakayapitisha kwenye mashine ya pasi yenye upana wa kitanda. Jumanne na Alhamisi, zamu ikiisha saa kumi jioni, walikuja wakinuka dawa ya kung'arishia nguo, wakavua aproni, wakafunga wavu. Mpira wa wavu hupokewa kwa mkono, pale kati ya kiwiko na kiganja, na pale ndipo mvuke wa kazini ulipowababua.

"Kocha, wewe hujatuletea mchezo," alisema mmoja wao wiki ya kwanza. "Umetuongezea zamu."

Huyo ndiye aliyeendesha mashine ya pasi. Wenzake walimwita Mvuke, kwa sababu ya kazi yake, na kwa sababu mdomo wake haukupoa.

Kocha alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne. Hakuolewa, na hilo halikumsumbua kama lilivyowasumbua majirani wa kwao. Alikuwa mtoto wa mwisho wa mwalimu wa michezo, mjane aliyefundisha shule ya wasichana miaka thelathini na ambaye filimbi haikumtoka shingoni hata akiwa kwenye kwaya. Mama yule hakujua kutenganisha sala na mazoezi. Alfajiri aliwapigisha wanawe magoti, kisha akawatoa uani kurushiana mpira kabla chai haijachemka. Kanisa lao lilipotafuta mtu wa kupeleka huduma ya michezo ng'ambo kwa miaka mitatu, Kocha alisitasita wiki nzima. Mama ndiye aliyekata shauri.

"Nenda, Kitinda," alisema, kwa lile jina alilomwita tangu azaliwe, la mtoto aliyefunga mlango. "Mimi siendi popote."

Kosa kubwa Kocha alilifanya mwezi wa tatu. Siku ya mechi yao ya kwanza, dhidi ya wahudumu wa wodini, aliwakusanya wachezaji, akawashika mikono, akaomba kwa sauti Mungu awape ushindi. Kwao ilikuwa hivyo. Hakuna timu ya kanisa iliyoingia uwanjani bila ombi hilo. Wakashinda seti tatu mfululizo. Mechi ya pili walimtafuta wenyewe: "Kocha, ile kitu yako, fanya haraka." Wakashinda tena. Mechi ya tatu wakapigwa vibaya na wapishi, wanawake wa makamo ambao hawakuwa hata na jezi.

"Leo Mungu wako alikuwa likizo?" Mvuke aliuliza mbele ya wote.

"Labda na wapishi walimwomba," mwingine akadakia. "Wao wako wengi."

Walicheka, na Kocha akacheka nao, lakini usiku ule hakulala vizuri. Aliona alichofanya. Alikuwa amemleta Mungu wake kutoka mbali kote kule, akamkabidhi kwa watu kama dawa ya kupaka magoti, na sasa dawa imeonekana haifanyi kazi.

Kuanzia hapo hakuomba tena kabla ya mechi. Badala yake, mwisho wa mazoezi, waliketi duara sakafuni chini ya bomba, na mpira ukazunguka mkono kwa mkono. Mwenye mpira alikuwa na ruhusa ya kumwambia Mungu lolote. Asiyetaka alisema "pita," akampa mwenzake, na hakuna aliyeruhusiwa kumuuliza kwa nini. Kocha alianza, akiomba maneno machache katika lugha ya nchi ile, ambayo bado aliivaa kama viatu vya kuazima. Kisha akaukabidhi mpira upande wa kulia.

Pita. Pita. Pita. Pita. Pita. Pita. Pita.

Mpira ukarudi mikononi mwake. Ikawa hivyo Jumanne, ikawa hivyo Alhamisi, ikawa hivyo miaka miwili na ushei.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake ya kupumua. Aliketi kwenye kitanda chake katika chumba cha kupanga, miguu imefunikwa blanketi, akapiga simu nyumbani. Kaka yake aliyebaki na mama ndiye aliyepokea, akamshikia mama simu sikioni. Mama hakupoteza muda kwa salamu nyingi.

"Waliopita wangapi?"

"Wote, mama."

"Wote saba?"

"Wote saba."

"Basi rusha tena. Unakula?"

Kocha aliishi kwa maneno hayo wiki nzima. Alimwona mama akiyasema: kiti cha kamba barazani, kanga iliyofungwa juu ya sweta, kidole kimeinuliwa kana kwamba mchezaji yuko mbele yake. Ilikuwapo harufu ya sabuni ya mche ya nyumbani ambayo aliitafuta madukani kule hadi akakata tamaa. Wakati mwingine, akifunga wavu, alijikuta amesimama na kamba mkononi, hasogei, na wachezaji wakaanza kukonyezana.

Kisha kaka akaanza kuzungumza naye kando, kabla ya kumpa mama simu.

"Mdogo wangu, jana ameniita daktari. Ameniuliza dawa zake nimeziweka wapi."

"Si mzaha tu?"

"Natamani ungekuwa mzaha."

Mama hakuwa ameenda popote, kama alivyoahidi. Ila alikuwa anaondoka akiwa pale pale kwenye kiti. Alimsahau jirani, akamsahau mke wa kaka, akaisahau njia ya kwenda chooni. Simu ya Jumapili tu ndiyo iliyobaki. Sauti ya Kitinda bado aliijua. Hadi Jumapili moja ya mwezi wa mvua kule ugenini, Kocha alipojitaja, na mama akauliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni mlangoni:

"Kitinda yupi?"

Alikumbuka baada ya muda, akauliza waliopita wangapi, lakini Kocha alishalisikia lile swali la kwanza. Kesho yake asubuhi aliiandikia ofisi ya misheni, akiomba kurudi nyumbani. Jibu lilikuja upesi na kwa upole: anaweza kwenda, hakuna atakayemlaumu, ila kibali chake cha kukaa kitakoma siku akitoka, na miezi minane iliyobaki haitakuwa na mtu wa kuimalizia. Akienda ndiyo amekwenda.

Jumanne alifundisha kama kawaida. Aliwapigia filimbi, akawasahihisha magoti, akaurudisha mpira uliogonga bomba. Walipoketi duara, akaushika mpira ili aanze. Akafungua kinywa. Wakangoja. Bomba juu yao lilikuwa likitoa ule mlio wa kugonga ambao hutoka maji yakianza kupoa.

"Pita," alisema Kocha.

Akaunyoosha mpira kwa Mvuke, aliyeketi kulia kwake. Mvuke hakuupokea.

"Aa, haiwezekani. Wewe ndiye mwenye hii habari. Wewe ukipita, sisi tunafanya nini hapa? Twende tukapike."

"Sheria inasema usiulize kwa nini."

"Basi siulizi. Nakutazama tu."

Akamtazama. Wote saba wakamtazama, na Kocha, ambaye hakuwa amewaeleza habari za kwao zaidi ya hali ya hewa, akawaeleza. Mama. Kiti. Swali la kila Jumapili. Kitinda yupi.

"Kumbe kila wiki ulikuwa unamwambia kwamba tumepita?" aliuliza yule wa mwisho katika duara.

"Kila wiki."

"Wote?"

"Wote."

"Umetuaibisha mbele ya mama wa watu," alisema Mvuke. Akaunyakua mpira, akaukumbatia tumboni, akatazama juu kwenye bomba kama anayesoma kipimo cha mashine yake.

"Mungu," alisema. "Mimi ni yule wa mashine ya pasi. Hatujuani vizuri. Huyu Kocha wetu ana mama, na mama anamsahau. Usikubali. Kama ni lazima asahau, asahau kwanza vitu vingine. Atusahau sisi, hatujawahi kuonana. Lakini huyu asimsahau." Akamgeukia Kocha. "Ile amina inakaa hapa, au nimeiwahisha?"

"Inakaa hapo hapo."

"Amina."

Akaukabidhi mpira kwa jirani yake. Jirani akaushika, akatafuta maneno, akayakosa.

"Pita," akasema kwa huzuni, na duara zima likaangua kicheko, Kocha naye, huku machozi yakimfika kidevuni.

Aliondoka wiki mbili baadaye. Filimbi alimwachia Mvuke, aliyesema hana haja nayo, mdomo wake unatosha, kisha akaivaa.

Nyumbani alifika mchana. Mama alikuwa kwenye kiti barazani, kanga juu ya sweta, vile vile. Kocha alipiga magoti mbele yake, akamshika mikono, na mama akamtazama kwa wema mkubwa.

"Karibu, mwanangu. Umetokea wapi?"

"Mama, ni mimi. Kitinda."

"Kitinda hayupo," alisema mama, na uso wake ukang'aa kwa fahari. "Yuko ng'ambo. Anafundisha mpira, anamtangaza Bwana. Namngoja Jumapili."

Alimhudumia siku tano bila kutambuliwa. Alimwogesha, akamlisha, akamkunjia mashuka kwa namna aliyojifunza kwa wale saba. Jioni saa kumi ilipofika aliinua kichwa bila kujua anatafuta nini, kisha akajua: anasikiliza mpira ukigonga bomba. Miaka miwili na ushei alilia kwa ajili ya baraza hii, na sasa ameketi juu yake anaulilia ukumbi wenye harufu ya dawa ya kung'arishia nguo. Siku ya tano, Ijumaa, sauti ya Mvuke ilimfikia kwenye simu: "Kocha, jana wamepita wanne tu. Yule mrefu ameomba mpaka chakula chake kikapoa. Mwambie mama yako."

Jumapili, mchana, mama alianza kuhangaika kitini, sebuleni. Mbona simu haijalia? Kaka alimtazama dada yake. Kocha akatoka uani, akasimama mahali walipokuwa wakirushiana mpira zamani, akapiga. Kupitia dirishani alimwona kaka akimwekea mama simu sikioni, na mama akiishika kwa mikono miwili.

"Mama? Ni Kitinda."

"Kitinda!" Sauti ilimfikia mara mbili, simuni na dirishani. "Nilidhani umenisahau. Unakula?"

"Nakula, mama. Na wewe?"

"Kuna dada amekuja hapa, ananilisha. Mkimya kidogo, lakini ana mikono kama yako. Waliopita wangapi?"

"Wanne, mama."

Ndani, mama alimwachia kaka ashike simu. Kocha alimwona akihesabu kwa vidole, polepole, hadi saba, kisha akivirudisha.

"Watatu hawakupita?"

"Watatu."

"Basi usije sasa hivi," alisema mama kwa haraka. "Hata kama unanitamani. Nami nakutamani, lakini usije. Rusha tena."

"Ndiyo, mama," alisema Kocha, ameegemea ukuta wa nyumba yao, na mama akasikia vizuri.