Shikamoo ya Mstarini

Asubuhi niliyorudi shule, mvulana mmoja aliyekuwa darasa moja nyuma yangu aliniamkia shikamoo, na kwa muda mrefu sikujua kama alinipa heshima au alinitukana.

Ngoja nieleze taratibu, maana habari hii hunichanganya hata mimi mwenyewe nikiianzia katikati. Nilisoma shule ya kata huku kwetu Mkalama, upande wa Iguguno, shule ya kutwa yenye uwanja wa vumbi na mashamba ya alizeti pande tatu. Nilikuwa nimeanza kidato cha nne nilipogundulika nina ujauzito. Nikakaa nyumbani, nikajifungua mtoto wa kike. Baba wa mtoto alishakwenda zake, na hapa sina la kusema juu yake. Januari iliyofuata mama yangu akaniambia, "Serikali imesema mnaruhusiwa kurudi. Utarudi." Hakuniuliza kama nataka. Aliichukua sketi yangu ya zamani, akaipanua kiunoni, akasema nikishafanya mtihani wa kidato cha nne ndipo tutazungumza mengine.

Basi nikarudi, na darasa nililolikuta lilikuwa la wadogo zangu. Zamani nikiwa kiranja wa mazingira, hao ndio niliokuwa nawapangia kufagia uwanja. Yule mvulana nilimfahamu vizuri sana: mrefu, mwenye mikono isiyojua pa kukaa, bingwa wa kuukimbia ufagio. Nilishamfukuza mara nyingi kuzunguka vyoo vya shule. Sasa tumesimama mstarini, bendera inapandishwa, yeye yuko mbele yangu. Akageuka na kusema kwa sauti ya kusikika na kila mtu:

"Shikamoo."

Kwetu ukiamkiwa hivyo una jibu moja tu. Lakini nikiitika marahaba, nimekubali kwamba mimi ni mama wa watu, na mama wa watu anatafuta nini mstarini na soksi nyeupe? Nisipoitika, nimekuwa jeuri, na watasema uzazi umenipa kiburi. Nikimzaba kibao, ndiyo kwanza siku yangu ya kwanza. Halafu mdomo wangu, bila kunishauri, ukamjibu:

"Shikamoo."

Mimi, mkubwa wake, nikamwamkia yeye. Mstari mzima ukaangua kicheko, na mwalimu wa zamu akafoka nani anacheza wakati wa wimbo wa taifa. Nilitamani kurudi nyumbani saa ileile.

Tangu siku hiyo shikamoo zikanifuata kila mahali. Wasichana wengine waliniamkia huku wamekunja magoti kidogo, kama wanavyowaamkia mama zao, na machoni mwao sikuona mzaha wowote. Wengine waliniamkia kisha wakaziba midomo na kukimbia. Tabu ni kwamba walikuwa watu walewale. Aliyenicheka Jumatatu aliniamkia kwa adabu Jumanne, na Jumatano akanicheka tena. Sikujua nikasirike siku ipi. Jina langu nililopewa na wazazi wangu lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu, na mwalimu alipoliita, kuna asubuhi nilichelewa kuitika kwa sababu nilisahau ni langu.

Nyumbani nako mambo yalikuwa ya kinyume, yaani kinyume cha kinyume, kama naeleweka. Majirani walishaanza kuniita mama fulani, kwa jina la mwanangu. Siku moja kukawa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nikajifunga kanga, nikaelekea kwa wasichana wenzangu waliokuwa wanachota maji. Mama mmoja akanidaka njiani.

"Wewe, unakwenda wapi kule kwa watoto? Njoo huku tuchambue mchele."

Nikakaa na wamama, nikapewa ungo. Wakaanza kusimulia mambo ya waume zao, nami nikainamisha kichwa nikijifanya naona mawe kwenye mchele. Mara mmoja akanikumbuka, akamgonga mwenzake kiwiko: "Nyamazeni, kuna mwanafunzi hapa." Wakanyamaza wote. Kwa watoto nimekatazwa, kwa wakubwa nimenyamaziwa. Nilichambua mchele ule mpaka ukaisha, na nilipofika nyumbani nililia, nikamwambia mama ni moshi wa kuni za msibani.

Hata hivyo nilikuwa naendelea na shule, na kilichoniwezesha ni mama. Asubuhi alibaki na mtoto, na ikifika saa nne, wakati wa mapumziko, alimleta mpaka kwenye ua wa minyaa unaozunguka shule. Namnyonyesha pale, nimewageuzia wenzangu mgongo, kengele ikilia narudi darasani. Masomo yenyewe yalikuwa yananipiga chenga. Mambo niliyokuwa nayajua kabla ya kujifungua niliyakuta yamehama kichwani, hasa hesabu. Lakini nilikuwepo, na nilitaka kuufikia mtihani. Katika vurugu zote zile hilo ndilo jambo pekee nililokuwa na uhakika nalo.

Kisha alizeti ikakomaa. Shamba letu liko mbali, na kila mwaka wakati wa mavuno wazazi wangu huhamia kulekule mpaka wamalize kukata na kupiga. Dada zangu wameolewa mbali. Jioni moja mama aliweka sufuria na mablanketi tayari kwa safari, akakaa juu ya kigoda na kumtazama mjukuu wake.

"Nikimchukua, atanyonya nini? Nikimwacha, atabaki na nani?"

"Nifanyeje sasa mama?"

"Sijui."

Mama yangu ni mtu anayejua. Mvua itanyesha lini, nani anadanganya, chumvi imezidi kwa nani, yote anajua. Nilipomsikia akisema hajui, nilikaa chini palepale, karibu na kigoda chake. Na wiki ileile ndiyo tulikuwa tunaanza mtihani wa majaribio wa mkoa, ule tunaouita moko. Nilijua nikiondoka safari hii hakuna atakayenipanulia sketi mara ya pili.

Asubuhi yake wazazi wakaenda shamba. Mimi nikamfunga mtoto mgongoni, nikakusanya vitabu vya shule ndani ya begi, nikaenda kuvirudisha na kumuaga mwalimu wa malezi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na kila nilipoyapanga yalitoka kama ya mtu mwingine. Nikafika getini nina hasira na mama, na alizeti, na serikali iliyoniruhusu kurudi bila kuniambia mtoto nimweke wapi. Na aliyesimama getini ni nani? Yule yule mrefu.

"Shikamoo."

Nikasikia kitu kimekatika ndani yangu.

"Marahaba," nikamjibu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwitikia. "Haya, nipokee."

Kwetu mtoto akimwamkia mkubwa mwenye mzigo, maneno matupu hayatoshi. Anaupokea ule mzigo na kuufikisha unakokwenda, iwe ndoo, iwe kuni, iwe gunia la mkaa. Hakuna anayekumbuka alifundishwa lini jambo hili, mikono inajua yenyewe. Mikono yake ikajua. Akanyoosha mkono kwenye begi la vitabu.

"Si huo," nikasema. Nikafungua kanga, nikamshusha mtoto, nikamwekea kifuani.

Sikuwa nimepanga. Nilitaka aone haya mbele za watu kama mimi nilivyoona siku ile. Lakini alimpokea kwa mikono miwili, vizuri, akimshika na shingo, kama mtu aliyelea wadogo zake. Wakatazamana, yeye na mwanangu. Hapohapo kengele ikalia, na mwalimu wa zamu akanikemea kwa nyuma, "Wewe, mstarini haraka!" Miguu yangu, iliyozoea kutii, ikakimbia mstarini na begi la vitabu nilivyokwenda kuvirudisha. Nilipogeuka kutazama getini, hapakuwa na mvulana wala mtoto.

Nikaingizwa darasani na umati. Dawati lake lilikuwa tupu. Nikasimama katikati ya somo la baiolojia na kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" akauliza mwalimu.

"Mtoto wangu amechukuliwa."

"Na nani?"

Nikataja ni nani.

"Amemchukuaje?"

"Nilimpa mimi."

Darasa likacheka, kisha likanyamaza ghafla, nadhani waliuona uso wangu. Mwalimu akaweka chaki chini. "Sasa amechukuliwa au umempa?"

"Sijui, mwalimu," nikasema, na nilikuwa nasema kweli tupu.

Kabla sijatoka, yule mvulana akatokea mlangoni anahema, mikono mitupu, begani kwenye shati kuna maziwa aliyocheuliwa. Akaomba ruhusa ya kuingia. Alipopita karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama:

"Nimeufikisha."

"Wapi?"

"Kwa bibi."

Kumbe bibi yake anakaa nyuma ya goli la uwanja wetu, nyumba ya tofali za kuchoma ambayo nilikuwa naiona kila siku bila kujiuliza ni ya nani. Vipindi viwili vile hadi mapumziko sikusikia neno moja la mwalimu. Saa nne nikakimbia. Nikamkuta bikizee amekaa juu ya mkeka anapiga vichwa vya alizeti kwa kijiti, mwanangu yuko pembeni na kijiti chake kidogo, naye anapiga. Hakuwa analia. Hata hakugeuka niliposogea, na hilo nalo liliniuma kidogo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Akanitazama kuanzia soksi kwenda juu. "Wewe ndiye mwanafunzi?"

Nikaziangalia soksi zangu. Tangu Januari hakuna aliyekuwa ameniita hivyo peke yake, bila kuongeza jambo.

"Nakuuliza, ndiye wewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Huyu kijana kaniingilia hapa na mtoto mikononi, nikadhani kaniletea balaa lake mwenyewe. Nimemchapa bua la alizeti kabla sijamuuliza." Akacheka peke yake, akaongeza maneno ya Kinyiramba ambayo siwezi kuyaandika hapa. "Keti umnyonyeshe, kengele yenu haichelewi. Magoti yangu hayanipeleki shamba mwaka huu. Abaki hapa mchana. Lakini jioni uje kumchukua mwenyewe, nisione mjukuu wangu anazunguka na mtoto kijijini, watu watasema."

Nikamnyonyesha huku nalia, na safari hii hapakuwa na moshi wa kusingizia. Kengele ikalia. Bibi akanifukuza kama anavyofukuza kuku.

Nikaufanya moko. Hesabu zilinishinda, mengine yalikwenda. Vile vitabu sikuvirudisha mpaka mwisho wa mwaka. Mama aliporudi shamba na kukuta mtoto ana bibi wa pili, aliuliza nilimpataje, nikajaribu kumweleza, akasema hajaelewa kitu, kisha akampelekea yule bikizee dumu la mafuta ya alizeti. Baada ya hapo wakawa wanazungumza wenyewe juu ya ukuaji wa mtoto, mimi sishirikishwi.

Na shikamoo zikaendelea, ila sasa nilikuwa naitika. Niligundua ukishaitika, anayecheka anabaki na mzigo wa kubeba. Waliniamkia wakabeba begi langu, wakabeba ndoo yangu ya zamu, na msichana mmoja hodari wa hesabu alibeba hasira zangu muhula mzima akinirudishia mada moja mara kumi. Wapo waliopunguza kuniamkia walipoona gharama yake.

Mtihani wa taifa tuliumaliza mwezi wa Novemba, jua likiwa kali na mashamba yamebaki mabua. Matokeo yalikuja baadaye, yakanitosha kwenda chuo, lakini ninachokikumbuka zaidi ni kutoka chumba cha mtihani siku ile ya mwisho na kukuta yule mvulana ananisubiri kwenye kivuli cha darasa, ameshika rula na kalamu zake. Tukatembea pamoja kuelekea golini. Nikaona nisipomuuliza leo sitamuuliza tena.

"Hivi siku ile ya kwanza mstarini, ulikuwa unanicheka?"

Akafikiri mpaka tukafika katikati ya uwanja.

"Sijui, dada. Niligeuka nikitaka kukuambia mambo vipi, nikaona siwezi, una mtoto. Nikitaka kunyamaza, nikaona utasema nakudharau. Ikatoka shikamoo."

"Mbona mlicheka?"

"Si wewe uliniamkia mimi!"

Sikujua nicheke au nimzabe kile kibao nilichokuwa namdai tangu Januari. Mwaka mzima nimelala na swali hilo, kumbe mwenye jibu naye hana jibu. Alikuwa amechanganyikiwa kama mimi, tena sekunde chache kabla yangu.

Mwanangu alikuwa ameshajifunza kutembea. Alituona, akatoka kwenye mkeka wa bibi, akaja akiyumba juu ya vumbi la uwanja. Nikachuchumaa na kufungua mikono. Akanipita. Akasimama mbele ya yule mvulana, akainua uso juu kabisa, akasema kama bibi alivyomfundisha:

"Kamoo."

Mvulana akanitazama. Uso ulimshuka kwa haya, midomo ikafunguka na kujifunga. Niliijua hali ile, nikamwacha nayo.

"Niitike?" akaninong'oneza.

"Jibu liko moja tu."

"Marahaba," akasema.

Mtoto hakuondoka. Alikuwa amenyoosha mikono yote miwili juu, anasubiri. Ilituchukua muda kuelewa anataka nini. Ndipo yule mvulana akainama na kumpa rula, naye akaipokea, akageuka, akatangulia nayo kwa bibi, na sisi tukamfuata nyuma.