Wazo Langu la Kimea cha Ulezi
Kuibiwa wazo kunauma, jamani, ndiyo maana sikuweza kunyamaza. Kwenye semina ya walimu hapa Sumbawanga, mwenzangu Mwalimu Skola alieleza jinsi kimea cha ulezi cha kupikia pombe kinavyoweza kufundishia kemia na historia ya Ufipa kwa pamoja. Nikasimama kwa hasira.

"Wazo hilo ni langu. Hata makala nimeshaandika."

Mwenyekiti akauliza, "Ulilipataje, Mwalimu?"

"Kwa kusoma na kufikiri. Nilikuwa kijijini Mwazye, nikamwona bibi mmoja anaanika kimea, yote yakaungana kichwani."

Skola akanigeukia taratibu.

"Mwalimu, bibi yule ni mama yangu. Nilikupeleka mimi kumsalimia, na hayo yote nilikueleza wakati unakunywa pombe yake."