Tai Aliyepakwa Rangi ya Kucha

Orrin Beachler alikuwa na benki mbili, ya kuchukulia sarafu na ya kuzimwagia. Ya kuchukulia ilikuwa palepale Tillbury, karibu na kwake, na huko kila Jumatano aliagiza boksi la sarafu za nusu dola. Ya kumwagia ilikuwa mji wa jirani, kwa sababu kule walikuwa na mashine ya kuhesabia sarafu na keshia mmoja mcheshi aitwaye Yesenia, asiyeuliza maswali mengi. Waulize wote pale Ohio wanaowinda madini ya fedha ndani ya sarafu za benki, watakuambia sheria ni moja: usimwage unapochukulia. Ukivunja sheria hiyo, siku moja utakabidhiwa takataka zako mwenyewe, nawe utazifungua roho ikikudunda.

Takataka ndilo neno lao. Nusu dola za zamani zilichanganywa na fedha halisi, na moja kati yake ina thamani ya nyingi za sasa. Zilizobaki, zile zilizokwisha kukaguliwa zikaonekana hazina kitu, ni takataka, hata kama dukani zinanunua mkate kama kawaida. Basi Orrin, mtu mzima aliyestaafu kiwanda cha majokofu, alikuwa akibeba sarafu elfu moja kutoka benki, anazikodolea macho ukingoni, ambako weupe wa fedha huonekana, moja baada ya nyingine, anapata mbili tatu akijaliwa, kisha anazipakia zilizobaki kwenye mifuko na kuzirudisha benki huku mgongo unamuuma.

"Unanunua pesa kwa pesa, halafu unazirudisha upewe pesa," mkewe Darla alikuwa akimwambia. "Wenzio wakistaafu wanakwenda kuvua samaki, angalau wanarudi na kitoweo."

Lakini kila Jumatano jioni alikaa naye mezani jikoni. Orrin akikagua, Darla akitia alama. Wawindaji wengi hutia alama kwenye sarafu wanazorudisha, ili zikija kuwarudia wajue mara moja kwamba boksi lile limekufa. Rafiki yao Verlon Kipp, aliyewinda na Orrin tangu walipokuwa kiwandani, alichora mstari wa kalamu ya bluu kwenye paji la uso la yule rais aliyeko kwenye sarafu. Darla alikataa katakata.

"Marehemu walimpiga risasi ya kichwa, nanyi bado mnamchorachora kichwani! Haya hamna?"

Akaigeuza sarafu. Upande wa pili yuko tai aliyetanua mabawa, mguu mmoja umeshika tawi, mwingine umeshika mishale. Darla akaleta kichupa chake cha rangi nyekundu ya kucha, akagusa ukucha mmoja wa mguu wenye tawi, nukta ndogo tu.

"Na huyu naye apendeze. Huu mguu wa mishale sitaugusa. Wa vita hauhitaji urembo."

Kwa miaka mingi alipaka kucha maelfu ya tai, wakaingia kwenye mifuko, wakamwagwa kwenye mashine, wakachukuliwa na magari ya benki, wakapotelea Marekani nzima. Hakuna aliyewaza kuhifadhi hata mmoja. Nani anahifadhi takataka?

Darla alifariki mwezi Machi, kwa ugonjwa wa kongosho ambao haukumpa hata nafasi ya kuaga watu vizuri. Wanawake wa kanisani walileta mabakuli ya tambi na jibini mpaka jokofu likakataa kufungika. Orrin hakugusa sarafu hadi majira ya joto yalipokaribia kwisha. Siku alipoagiza boksi tena, aliagiza kwa sababu Jumatano ilikuwa imefika na hakujua la kufanya nayo.

Katika kibunda cha tatu cha sarafu ndani ya boksi akakuta tai mwenye ukucha mwekundu.

Zamani angetukana. Ilimaanisha kwamba benki zake mbili zinachota kwenye ghala moja la sarafu, na kwamba boksi zima lilikuwa bure. Sasa aliweka kichwa mezani akalia kwa sauti, mzee mzima, hadi paka akatoka jikoni. Nguo za Darla zilikuwa kabatini, picha zake ukutani, na vyote vilikaa pale alipoviweka yeye. Hii sarafu ilikuwa imetoka, ikazunguka kusikojulikana, ikarudi nyumbani bila kuitwa. Alihisi kama mkewe amefungua mlango.

Tangu siku ile hakuwinda kingine. Sarafu ya fedha halisi ikitokea, aliitupia kwenye bakuli la supu bila hata kuitazama mara mbili. Aliwinda kucha nyekundu. Ilipofika Novemba, sikukuu ya kula bata mzinga, alikuwa nazo thelathini na kitu ndani ya kopo la kahawa, juu ya kaunta ya jikoni, na kila asubuhi alilitikisa kidogo kabla ya kunywa kahawa yake. Hakumwambia mtu, hata Verlon. Angeanzaje?

Januari aliteleza kwenye barafu mbele ya sanduku lake la barua, akavunjika nyonga. Akalazwa. Verlon alichukua ufunguo wa nyumba, akamlisha paka, akafagia theluji mlangoni, na kwa kuwa alikuwa mtu wa watu, akaona amfanyie rafiki yake na ile kazi nzito. Alikwenda wodini akiwa amejaa furaha.

"Nimekusafishia chumba cha chini chote, mzee. Mifuko yote ya sarafu nimeimwaga kwa Yesenia. Utarudi utafikiri umehama nyumba."

"Asante, Verlon. Mungu akubariki."

"Na lile kopo la jikoni pia. Bwana wee! Nimefungua nikidhani umeficha mali, kumbe zote zimechorwa! Takataka tupu! Ulikuwa unazilea za nini?"

Orrin alitazama dari.

"Zilikuwa za Darla," alisema. "Zilianza kunirudia. Nilikuwa nazikusanya."

Verlon alikaa kitini pole pole. Uso uliokuwa mwekundu ukawa mweupe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba mke wangu anarudi kwa vipande?"

Verlon alikimbilia simu palepale koridoni, akapiga benki. Yesenia alisikitika sana, lakini gari la benki lilikwisha kupita. Mifuko ilikuwa imekwenda ghalani, na ghalani sarafu ni kama maji mtoni. Kosa la nani? Hakuna. Mwindaji yeyote wa sarafu angeona kopo lile angelimwaga, na angejiona ametenda wema.

Orrin aliporudi nyumbani akijikongoja kwa fremu ya kutembelea, alivunja sheria. Alianza kuagiza maboksi kwa Yesenia, benki ileile ya kumwagia, akaanza kumwaga hukohuko, ili takataka zake zimrudie. Habari ikafika kwenye mgahawa ambako wawindaji hunywa kahawa Jumamosi, nao hawakumhurumia.

"Nasikia Beachler siku hizi anakula matapishi yake."

"Mwacheni, labda yana ladha."

Verlon tu ndiye hakucheka. Aliinuka akaondoka, kahawa yake haijaisha.

Boksi la kwanza halikuwa na kitu. La pili hivyohivyo. Likaja la Machi, likaja la Aprili, maua yakatoka uani na hakuna aliyeyapalilia. Orrin aliacha kunyoa ndevu. Alikula nafaka kavu na maziwa asubuhi, mchana na jioni, amesimama, kwa sababu meza ilikuwa imejaa sarafu. Usiku alijiambia ukweli: mkewe alikuwa amerudi mlangoni, na nyumba ikamtupa nje pamoja na takataka. Aliomba afe kabla ya majira ya joto.

Mwezi Mei Yesenia alimkabidhi vibunda vilivyofungwa kwa mkono. "Kuna mteja kavileta, nikakuwekea," alisema bila kumtazama usoni. Orrin hakujali. Alifika nyumbani, akapasua cha kwanza.

Tai. Ukucha mwekundu.

"Darla!" alipiga kelele. "Darla, mama!"

Wa pili. Wa nne. Alikuwa anacheka na kamasi zinamtoka. Akapasua kibunda kingine, nacho kina tai wa kucha nyekundu, akapasua cha tatu. Zikapita zile thelathini za kopo. Zikapita maradufu. Kicheko kikapungua. Kila karatasi aliyochana ilimwaga nyekundu juu ya meza, naye akapunguza kasi, kwa sababu alikuwa amefanya kazi hii miaka mingi na alijua jinsi sarafu zinavyotawanyika. Hazirudi hivi. Hakuna kitu kinachorudi hivi.

Akampigia Verlon. Verlon akaja haraka, akasimama mlangoni amevua kofia.

"Ni wewe," Orrin alisema.

"Nilitaka upate, Orrin. Ulikuwa unakwisha nikikuona. Nilipokuja kumlisha paka tena ulipokuwa kwenye mazoezi ya mguu, nikachukua kichupa chake kule bafuni. Nikapaka. Nikazitia kwenye soksi na mchanga nikazitikisa, zionekane zimetembea."

"Mguu wa tawi."

"Mguu wa tawi. Nakumbuka alivyosema."

"Zote hizi umepaka wewe?"

Verlon alikunja kofia mikononi. Alikuwa mtu asiyejua kudanganya mara mbili.

"Si zote. Mimi pia nimekuwa nikiwinda tangu Januari, kaunti tatu, kila benki iliyokubali kuniuzia. Nilizipata zake. Chache, saba au nane. Zake kweli. Nikaona ni kidogo mno, utavunjika moyo. Nikasema niziongezee."

"Zake zimo humu."

"Zimo."

Orrin alivuta kiti akakaa. Meza yote ilikuwa nyekundu nukta nukta. Aliokota sarafu moja, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akampa.

"Hii ni yake?"

Verlon aliigeuza, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Sijui."

"Na hii?"

"Sijui, Orrin."

Akampa nyingine.