Fundi Anayekalia Ukingo wa Kiti

Jirani yangu ni fundi wa nguo, na cherehani yake ni ya kukanyaga, kwa hiyo kazi yake ni ya kukaa kutwa. Mumewe, dereva wa lori, akishalala nyumbani, kesho yake namwona fundi amekalia ukingo wa kiti, upande mmoja, kama mgeni anayetaka kuaga. Kila akimaliza mshono husimama na kusingizia mgongo. Vidole vyake vyepesi hukosa tundu la sindano, na sauti humshuka mpaka wateja wanamwambia, "Fundi, sema basi, hatusikii."

Juzi nilimkuta uani akimimina dawa ya kusafishia sakafu kwenye beseni lake la kunawia. Harufu ilinipanda puani. "Jirani, hiyo unaipeleka wapi?" Akatazama mlango kwanza. "Kule chini kunawaka moto akishanigusa. Najisafisha." Nikamwambia dawa hiyo inazidi kumuunguza, maji matupu yanatosha, na moto usipoisha aende kwa nesi akapimwe. "Maji hayachomi," akasema. "Nitajuaje kama yamefanya kazi?" Kisha akanong'ona, "Na wakinikuta na ugonjwa? Mume wangu ataniuliza nimeutoa kwa nani. Yeye hatajiuliza." Honi ya lori ikalia barabarani. Akasukuma beseni nyuma ya mlango, akakimbilia cherehani, akakikalia kiti chote huku ameuma midomo, akaanza kukanyaga. Sindano ikawa inapanda na kushuka juu ya kitambaa, haina uzi.